Nyasi Alizopanga Mama

Shuleni tulifundishwa kwamba picha hutundikwa usawa wa macho. Hatukuambiwa macho ya nani. Mama yangu ni mfupi, baba ni mrefu, na akina mama wa parokia yetu wako wa kila kimo. Kwa hiyo siku moja kabla ya maonyesho yetu pale Mbinga nilikuwa nimekwisha kupigilia na kung'oa msumari uleule mara tano. Mtunza ghala alisimama mlangoni, mikono nyuma, akanitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "unajenga au unabomoa?"

Sikuwa mwalimu bado. Nilikuwa nimemaliza shule ya sanaa Desemba iliyopita na nilikuwa nasubiri barua ya kupangiwa kazi, lakini kwetu mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni huitwa mwalimu, na mimi nilikuwa na kalamu mbili, kwa hofu kwamba moja ingekauka.

Ghala lenyewe lilikuwa la chama cha ushirika. Mwezi wa Mei huwa tupu: kahawa ya mwaka uliopita imekwisha kuondoka, na ya mwaka huu bado ni kijani mitini. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imefagiwa, mizani mikubwa imesukumwa kwenye kona, na kuta zilikuwa bado zinanukia magunia. Tulikuwa watatu, wote tuliopita shule ileile. Mmoja alikuwa kijana wa Mbaha, kule ziwani, ambaye kwa miaka mitatu hakuchora kitu kingine ila samaki. Wa pili alikuwa dada mmoja wa Tanga, aliyemaliza mwaka mmoja kabla yetu akaletwa Mbinga kufundisha shule ya msingi. Yeye alifanya batiki, na ndiye aliyekuwa na wazo la maonyesho. Wa tatu mimi, mtoto wa Mpepai.

Katibu tarafa alitupa kibali kwa barua fupi, kwa sharti kwamba picha zote zihusu kazi na kujitegemea. Nilikaa na barua ile usiku na mchana nikijiuliza kama mlima unahesabika kuwa kazi. Kijana wa Mbaha hakusumbuka.

"Samaki wangu wanajitegemea," alisema. "Umewahi kuona mtu akiwalisha?"

Lakini katibu tarafa hakuwa hofu yangu kubwa. Hofu yangu ilikuwa mama.

Nilipoondoka kwenda shule ile, watu wa Mpepai walimwuliza mama nimekwenda kusoma nini. Akasema kuchora. Wakamwuliza, kuchora nini? Hapo hakuwa na jibu. Watoto wa wenzake walisoma ualimu, ukarani, uganga. Hayo mtu husema neno moja, msikilizaji akaitikia kwa kichwa, mazungumzo yakaendelea. Mama alisema neno lake moja na mazungumzo yakasimama. Kila nilipokuja likizo aliniuliza tena, polepole, kama mtu anayejaribu kukariri: "Unachora ramani?" Hapana, mama. "Unachora nyumba zitakazojengwa?" Hapana. "Sawa," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Alipopata habari za maonyesho, aliwaalika akina mama wote wa chama chao cha parokia, pamoja na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Hakuniuliza kwanza. Nilijua maana yake. Miaka mitatu wamemwuliza, sasa anawaleta waone kwa macho yao. Kama wangetoka pale wakicheka, angerudi nao njia nzima hadi Mpepai akisikia kicheko hicho, na Jumapili iliyofuata, na nyingine baada yake.

Kwa ajili hiyo nilimchora yeye.

Nilitumia gunia la katani, kwa sababu turubai hatukuweza kulipata. Nililikata, nikalipaka gundi na chokaa, nikalikaza kwenye fremu niliyoipigilia mwenyewe. Picha ilikuwa kubwa, urefu wake ulinifikia kifuani. Ilionyesha shamba letu la juu, chini ya mwamba, wakati wa ukungu wa asubuhi. Mama ameinama, amefunga kaniki yake kiunoni, ameshika nyasi kwa mikono miwili, anazipanga chini kwa mstari. Nyuma yake mistari mingine imekwisha kukatana, imegawa mteremko wote katika miraba. Nilimchora bila uso, kwa ubavu tu, maana kila nilipojaribu uso nilitoka na mtu mwingine. Nilikuwa na hakika angejitambua kwa mgongo. Kisha sikuwa na hakika.

Jioni ile, nilipoacha msumari, mtunza ghala aliingia kutazama. Alikuwa Mmatengo mwenzangu, mtu mzima, mkulima kama wote. Akaitazama picha, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Huyu ni mwanamke?"

"Ndiyo, mzee."

"Anapanga nyasi?"

"Ndiyo."

Akacheka taratibu, bila ubaya wowote. "Kijana, wamekuweka bweni muda mrefu mno." Akachukua funguo zake akaenda zake.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji ya mtoni. Kwa msomaji asiyetoka milimani kwetu, nieleze. Sisi tunalima ngolo. Mvua zikikaribia ukingoni, mwanamume hufyeka nyasi shambani, akazipanga chini kwa mistari inayokatana, kama dirisha lenye vioo vingi. Nyasi zikinyauka, mwanamke huingia na jembe, akachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Penye nyasi panakuwa tuta, penye udongo uliotolewa panakuwa shimo. Maharage na mahindi hukaa juu ya tuta, maji ya mvua hukaa shimoni, na mlima haumomonyoki. Kazi ya nyasi ni ya mume. Ukipita njiani ukaona mistari iliyonyooka, unasema mwenye shamba hili ni mtu. Mke akionekana anapanga nyasi, maana yake hana mume, au anaye na afadhali asingekuwa naye.

Yote hayo niliyajua. Hilo ndilo lililonitisha. Nilijua kama ninavyojua mkono wangu wa kulia, na bado nilikuwa nimechora kinyume kwa miezi miwili bila kustuka, kwa sababu ndivyo nilivyokumbuka. Nilikuwa na miaka kama sita. Ukungu ulikuwa mzito, mama aliniketisha juu ya jiwe akaniambia nisimwite kwa sauti. Nilikumbuka hata ubaridi wa jiwe. Je, niliota? Au nilimwona akichimba, na akili yangu ikambadilishia kazi? Na kama sikuota, baba alikuwa wapi? Kwa maana baba yangu ni mtu ambaye majirani huja kumwomba awanyooshee mistari yao. Kesho yake angeingia ghalani akakuta mwanawe amewatangazia watu wote wa Mbinga kwamba yeye humwachia mkewe nyasi.

Nilimweleza kijana wa Mbaha. Kwao wanalima muhogo mchangani. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali.

"Mvalishe suruali, basi," akasema. "Uso hana. Mpe kofia, amekuwa baba yako."

"Makalio yale si ya baba."

"Punguza."

Nilichukua brashi. Naungama, niliichovya kabisa kwenye rangi ya kahawia. Dada wa Tanga alikuwa anakunja batiki zake. Akanitazama, na mkono wangu ukabaki hewani mpaka rangi ikaanza kunidondokea kiatuni. Nilishindwa. Badala yake niliishusha picha, nikaiegemeza kwenye kona karibu na mizani, uso wake ukitazama ukuta. Penye msumari nilitundika picha ndogo ya kanisa letu, na pembeni yake nyingine ndogo ya tawi la kahawa. Hizo hazikuwa na kosa. Hazikuwa na kitu kingine pia.

Jumapili baada ya misa ya pili watu walijaa. Katibu tarafa, mtu wa Kigoma, alizungumza kwa ufupi kuhusu vijana waliosoma kurudi kuwatumikia wananchi, akapita mbele ya picha zote kwa mwendo wa mtu anayekagua gwaride, akaondoka ameridhika. Ndipo akina mama wa Mpepai wakaingia, wamevaa khanga zao za kanisani, miguu ina vumbi hadi magotini. Mama alikuwa katikati yao. Baba alikuja nyuma peke yake, kofia mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu! Marahaba, msomi!"

Walianzia kwa samaki. Mwenyekiti alisimama mbele ya mbasa mmoja mkubwa mwenye rangi ya fedha.

"Huyu nani?"

"Mbasa, mama," kijana wa Mbaha akajibu.

"Mbasa namjua, ni mweusi, amekauka, mdomo wazi."

"Huyo amekwisha kupita motoni, mama. Kabla ya hapo huwa hivi."

Mwenyekiti akamtazama tena yule samaki kwa huruma. "Kumbe alikuwa mzuri hivi, maskini. Na sisi tunamtafuna tu."

Wakacheka, wakapita kwenye batiki, wakashika kitambaa, wakauliza kama kinachuja. Mama alikuwa anasoma vijikaratasi vya majina chini ya kila picha, midomo ikichezacheza, anatafuta jina langu. Akanigeukia.

"Ya kwako iko wapi?"

Nikamwonyesha kanisa. Nikamwonyesha kahawa.

Wote wakazitazama kwa adabu. Mwenyekiti ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Kanisani tumetoka sasa hivi," akasema. "Na kahawa nimeiacha nyumbani mlangoni. Miaka mitatu, mwanangu?"

Wengine wakaguna chini kwa chini, ule mguno unaotaka kuwa kicheko. Mama alivuta khanga yake begani, akaiweka sawa ingawa ilikuwa sawa. Namjua. Akifanya hivyo ana aibu. "Amejitahidi," akasema. "Kanisa limefanana."

Ningekuwa mtu mwingine ningekwenda konani nikaigeuza ile picha. Mimi nilisimama nikiwaza lipi baya zaidi, mama kukosa jibu au baba kukosa heshima, na nilikuwa bado sijamaliza kuwaza nilipoisikia sauti ya baba nyuma yangu.

"Katani nzuri hii."

Alikuwa amechuchumaa karibu na mizani. Watu wote walikuwa wanatazama picha, yeye alikuwa anatazama mgongo wa picha yangu, anapitisha kidole gumba kwenye nyuzi za gunia.

"Itakuwa ya kwetu Tanga, mzee," akasema dada wa Tanga.

"Najua. Nimeikata." Akamtazama. "Nilikaa huko, kwenye mkonge. Ukirudi bwenini jioni huwezi kufumba kiganja, miiba." Akafungua kiganja, akakifunga, kama anajaribu kama bado kinafanya kazi. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mgeni. Nilijua tu kwamba nilipokuwa mdogo aliwahi kusafiri. Nyumbani hatukuulizana habari zake.

Kisha akanigeukia. "Mbona umeigeuza?"

"Haijakauka, baba."

"Rangi hukauka ikitazama ukuta?"

Akashika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza.

Mwenyekiti akapiga makofi mara moja.

"Eh! Jamani! Mwanamke anapanga nyasi!"

Kicheko kilichokuwa kimezuiwa tangu kwenye picha ya kanisa kikatoka chote.

"Mume wake yuko wapi huyu?"

"Amelala."

"Yuko kilabuni, anasubiri maharage yaive."

"Shemeji," mwenyekiti akamwita baba, "huyu mtoto umemfundisha nini? Au huko alikosoma ndivyo wanavyofanya?"

Baba alikuwa bado ameishika fremu. Mimi nilimtazama mama. Macho yake yalishuka kwenye kaniki, yakaenda kwenye mwamba, yakarudi kwenye ile mikono miwili iliyoshika nyasi, na nikaona kwamba amejijua. Sikuwa nimeota. Furaha yake ilikuja usoni nusu, kisha akaifunga.

"Amekosea," akawaambia wenzake. "Alikuwa mtoto, atakumbuka nini? Hata si mtu huyo. Amebuni tu."

Kwa miezi miwili nilikuwa nimeogopa kwamba atasema maneno hayo, na sasa ameyasema, na nilielewa kwamba hakuyasema kwa kunikataa. Alikuwa anamfunika baba.

"Ni wewe," baba akasema.

"Si mimi."

"Ni wewe. Kaniki ile ulikuwa nayo. Na lile ni shamba la juu."

Mama akasema kwa sauti kubwa kidogo, kwa faida ya watu: "Shamba la juu nyasi ulipanga wewe. Kabla hujapanda lori la kwenda mkonge."

"Nilizifyeka," baba akasema. Hakuwa anamtazama mama, alikuwa anatazama picha. "Lori lilikuja mapema, nikaziacha zimelala ovyo. Niliwaza njia nzima hadi Songea, na kutoka Songea, nikasema mke wangu atakwenda kumwomba kaka yangu, na kaka yangu atanisema. Niliporudi, kabla sijafika nyumbani nilipita shambani. Nikakuta matuta yapo. Nikaona mistari imepinda, nikajua."

"Haikupinda," mama akasema.

"Imepinda. Ule wa tatu kutoka juu. Mimi sijawahi kupinda mstari."

"Kulikuwa na ukungu!"

Ndipo mama akafunika mdomo kwa mkono, kwa sababu alikuwa amekwisha kuungama mbele ya chama kizima cha parokia.

"Hukusema," akamwambia baba, kwa sauti ndogo sasa. "Miaka yote hiyo."

"Watu waliniambia njiani jinsi nilivyopanga nyasi kabla ya kuondoka. Nikajua umewaambia wewe. Ningesema nini?"

Nilitegemea mwenyekiti aseme neno la kuchoma. Alikuwa ameshika kiuno na uso wake ulikuwa umejaa hasira, lakini hasira ya aina nyingine.

"Kumbe dada!" akasema. "Mwaka ule waume zetu wameondoka hata kwaheri hawakutupa, na sisi tunaambiwa mwenzenu huyu mumewe amepanga nyasi zote kabla ya kupanda lori! Mwanamume gani huyu! Wangu aliporudi nilimgombeza juu ya nyasi zako. Wiki nzima! Alikuwa mgonjwa wa homa, ananitazama tu!"

Mama alianza kucheka. Hakuweza kusimama, akamshika mwenyekiti mkono, na wote wawili wakaegemea mizani, ambayo ilianza kupiga kelele kwa uzito wao, nao wakazidi kucheka. Wale wengine wakaisogelea picha. Wakatafuta mstari wa tatu, wakauona, wakaanza kubishana kama umepinda au ni mteremko. Mmoja akasema hata wa tano. Mtunza ghala aliitwa aamue. Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akasema kwamba kwa mwanamke, tena kwenye ukungu, umenyooka sana. Hilo likaanzisha ugomvi mpya kuhusu yale maneno "kwa mwanamke", na mtunza ghala akakimbilia nje.

Ule mstari, nikiri, sikuupinda kwa kumbukumbu. Niliuchora umepinda kwa sababu mkono wangu ulitetemeka, na nilikuwa nimepanga kuusahihisha muda ukipatikana. Sijawaambia. Kila nikitaka kuwaambia najiuliza kama mkono huo nao haukukumbuka kitu nilichokiona nikiwa juu ya jiwe, kisha kichwa kinaniuma, naacha.

Baba ndiye aliyeitundika picha. Aliing'oa misumari yangu yote, akapigilia mmoja, mara moja, bila kupima. Ilikaa juu mno kwa macho ya mama. Alisogea nyuma hatua tatu ndipo akaiona vizuri, na hapo alisimama muda mrefu, wenzake wakiwa wametoka nje kula viazi.

"Umenifanya mnene," akasema.

"Ni kaniki, mama. Imejikusanya."

"Sawa."

Siku hizi picha iko Mpepai, sebuleni, karibu na msalaba. Barua yangu ya kazi imefika, nafundisha Mkumbi, na nikienda nyumbani mwisho wa mwezi tunakwenda misa pamoja. Juzi baada ya misa mgeni mmoja, ndugu ya mtu, alimwuliza mama huyu kijana wake alisomea nini.

"Kuchora," mama akasema.

"Kuchora nini?"

"Mimi," mama akajibu, akaweka khanga yake sawa begani. Mgeni akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, mazungumzo yakataka kuendelea, lakini mama alikuwa hajamaliza. Akamwambia pia, bila kuulizwa, kwamba akija nyumbani asisikilize atakachoambiwa na mzee, ile mistari haikupinda.